Mmeitwa Nairobi kuzungumzia Kalehe: mpeleke nini, mbaki na nini

SWALI: Mzee wangu, jambo sana. Niko natumika na shirika dogo la hapa Kivu Kusini, Kongo, tuko watu saba tu. Tunagawa mbegu na majembe Kalehe, na chakula kikipatikana. Sasa ubalozi mmoja pamoja na wafadhili wake wametualika Nairobi. Wanasema wanataka diplomasia na misaada zitembee pamoja. Wametuma fomu ya kujaza kabla ya mkutano: barabara gani inashikwa na kundi gani, kamanda wa kila kizuizi ni nani, anatoza ngapi. Wazee wa kamati yetu wanasema tusiiguse. Mwenzangu wa hesabu anasema tukikataa tutakosa pesa za mwaka. Na mimi najiuliza: mkataba umesainiwa Washington, mwingine Doha, mbona lori letu la mbegu linalala kizuizini Nyabibwe? Nani anaratibu mambo haya yote?

JIBU: Mdogo wangu, nianze na fomu, maana najua ina siku ya mwisho. Msiijaze kama ilivyokuja. Wazee wenu wameona mbali. Ila mwaliko msiukatae: nendeni Nairobi, na mwende na karatasi yenu wenyewe, iliyoandikwa kwa namna nyingine kabisa. Namna gani, nitafika huko. Kwanza nikujibu la lori, kwa sababu ukilielewa hilo, la fomu utalijibu mwenyewe.

Unauliza nani anaratibu. Kuna meza mbili, ndugu yangu, na wengi wanaokaa kwenye moja hawajawahi hata kuiona ile nyingine.

Meza ya kwanza ni ya siasa, nayo yenyewe ina vipande. Mwaka 2022 kulikuwa na mchakato wa Nairobi chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), Uhuru Kenyatta akiwa msuluhishi, uliozungumza na makundi yenye silaha. Na kulikuwa na wa Luanda chini ya Rais João Lourenço, uliojaribu kuzipatanisha Kinshasa na Kigali. Mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wakuu wa EAC na wa SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, wakakutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari wakaamua michakato hiyo iwe mmoja. Likaundwa jopo la viongozi wastaafu. Mwezi uliofuata Angola ikajitoa katika upatanishi, na Aprili Umoja wa Afrika ukamkabidhi kazi hiyo Faure Gnassingbé wa Togo. Lakini tarehe 18 Machi Tshisekedi na Kagame walikuwa wameshakutana Doha, kwa mwaliko ambao watu wengi wa Nairobi na Luanda waliusikia redioni kama wewe na mimi. Kuanzia hapo Qatar ikashika mazungumzo ya Kinshasa na AFC/M23, yaani M23 na muungano wao wa AFC, Marekani ikashika ya Kinshasa na Kigali, na tarehe 27 Juni mawaziri wakasaini Washington. Mimi niliyekuwa nikilipwa kufuatilia mambo haya nilikuwa nimebandika ukutani karatasi yenye mishale, na kila baada ya wiki mbili nilikuwa naing'oa na kuchora nyingine.

Meza ya pili ni ya misaada. Hii unaijua zaidi: OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu, ambayo mzizi wake ni azimio 46/182 la mwaka 1991, klasta zilizoanza 2005, yaani makundi ya mashirika kwa aina ya kazi, za chakula, maji, afya, ulinzi na kadhalika, na vikao vya mashirika, CRIO yenu ya mkoa na CLIO za chini yake. Hapo panazungumzwa mahema, bomba za maji, tani za unga na nani atakwenda wapi wiki ijayo. Siasa ikitajwa, mtu anakohoa na mwenyekiti anasogeza ajenda mbele.

Mahali pekee ambapo meza hizi hukutana rasmi ni kichwani mwa mtu mmoja. Mmoja wa manaibu wakuu wa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wenye askari nchini Kongo, ndiye pia mratibu mkazi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa nchini, na ndiye pia mratibu wa misaada ya kibinadamu. Kofia tatu. Asubuhi anazungumza na serikali kuhusu maendeleo, mchana yuko kwenye ujumbe wenye askari, jioni anaomba njia ya misaada kwa watu ambao askari hao hao wamepigana nao. Nimewahi kuwafanyia kazi wawili wa namna hiyo na niliwahurumia wote wawili.

Na sisi Watanzania tunalijua hili kwa ndani. Mwaka 2013, kwa azimio 2098, Baraza la Usalama liliunda brigedi ya kushambulia ndani ya MONUSCO, na askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Waliifanya kazi waliyotumwa, M23 ya wakati ule ikashindwa Novemba mwaka huo. Wengine hawakurudi nyumbani. Nani kwetu amesahau Semuliki, tarehe 7 Desemba 2017? Lakini kwa mtu wa Rutshuru, gari la brigedi ni jeupe lenye herufi UN, na gari la unga ni jeupe lenye herufi za karibu na hizo. Watoto wa barabara ile waliona gari jeupe lolote, hata la madaktari, wakakimbia nalo wakipiga kelele "Monusco! Monusco!" Mtoto hana kosa. Aliyefanana ni sisi.

Sasa lori lako.

Linalala Nyabibwe kwa sababu kwenye meza ya kwanza neno "misaada" huingia kama sentensi moja: pande zote zitaruhusu misaada iwafikie wenye shida. Sentensi hiyo utaikuta, kwa maneno tofauti kidogo, karibu katika kila tangazo tangu nianze kazi. Nayo ni sentensi nzuri, haina kosa. Ila yule kijana wa kizuizini hajaletewa. Hata angeletewa, sentensi yenyewe haitaji Nyabibwe, haitaji mbegu, haitaji tarehe, haisemi nani amempa amri ya kuinua kamba.

Nikupe mfano ambao bado unanichoma. Barabara ya Masisi, miaka mingi kidogo iliyopita. Kizuizi ni mwanzi uliolazwa juu ya mapipa mawili. Kijana kama wa miaka 20 amekalia kidumu cha manjano, daftari la shule mapajani, kalamu sikioni. Tuna malori mawili ya mafuta ya kupikia na barua safi yenye mhuri wa mkubwa wake, tuliyoihangaikia wiki tatu. Anaisoma polepole, anafuatisha kwa kidole, kisha anainua macho: "Hapa wameandika mafuta. Ni ya kula ao ya gari?" Tunamwambia ya kula, tunamfungulia katoni aone. Anatikisa kichwa. Mafuta ya gari hayaruhusiwi kupita, barua inasema mafuta, yeye si mtu wa kuamua. Tukalala pale siku mbili mpaka simu ya mkubwa ikapatikana. Aliyeandika barua ile kwa Kiswahili alikuwa ni mimi. Kijana yule alikuwa sahihi kuliko ofisi yetu nzima, kwa sababu akikosea yeye anachapwa, nikikosea mimi naandika ripoti.

Ndiyo maana nasema meza mbili zikikutana, zikutane juu ya kitu kidogo chenye jina. Tazama lililofanywa Goma mwaka 2025. Mji ulipoanguka, askari na polisi wa Kongo mamia kwa mamia walikimbilia kambi za MONUSCO, wengine na familia zao. Wakakaa humo miezi mitatu: hawawezi kutoka, MONUSCO haiwezi kuwatoa, M23 wako nje ya geti. Tarehe 30 Aprili ICRC, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo nyinyi huko mnaiita CICR, ikaanza kuwasafirisha kwenda Kinshasa, watu zaidi ya 1,300 kwa siku kadhaa, wakiwa wamenyang'anywa silaha. Kinshasa ilikubali, AFC/M23 wakakubali, MONUSCO ikakubali. Wakati huo hakuna mkataba wowote wa amani uliokuwa umesainiwa. Wanasiasa waliombwa jambo moja tu, ruhusa ya watu hawa, kwa njia hii, kwa siku hizi. Na shirika lililofanya kazi yenyewe halikuwa na askari hata mmoja wala maoni juu ya nani anapaswa kuishika Goma. Kama ukiniuliza uratibu mzuri unafananaje, nakuonyesha msafara ule.

Na uratibu mbaya? Uwanja wa ndege wa Goma. Ulifungwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, na wenye madawa wakaanza kuzungukia Kigali kisha kuvuka mpaka wa Gisenyi. Kila tamko la siasa likautaja, na mkutano ule wa Dar es Salaam uliagiza ufunguliwe. Halafu tarehe 30 Oktoba Paris ikaandaa mkutano mkubwa wa Maziwa Makuu. Rais Macron akatangaza ahadi za zaidi ya yuro bilioni 1.5, na kwamba uwanja utafunguliwa kwa ndege za misaada katika wiki chache zijazo. M23 wakajibu kwamba hakuna aliyewauliza. Anga kisheria ni la Kinshasa, njia ya kurukia iko mikononi mwa M23, na kabla ndege haijatua lazima mtu aukague uwanja na kuondoa mabaki ya vita. Hayo ni mazungumzo matatu tofauti, na tangazo lilitangulia yote matatu. Mwaka ukaisha uwanja haujafunguliwa. Ubaya wake hauishii kwenye ndege. Uwanja ulipogeuka kuwa bendera, kila upande ukawa unajua ukiukubali umempa mwenzako ushindi. Kabla ya hapo ulikuwa lami tu.

Mabenki nayo ni hadithi ile ile, ila hayana kamera. Yalifunga Goma Januari 2025, Bukavu ikafuata, na Kinshasa haikutaka yafunguliwe chini ya M23. Unajua kuliko mimi maana yake: muuguzi anavuka mpaka kwenda kuchukua mshahara wake mwenyewe, wakala wa pesa za simu anakata anachotaka, na noti za franka zimechakaa mpaka mama wa sokoni anazikataa zile zilizobandikwa kwa gundi. Shirika la kigeni lenye milioni katika akaunti halina la kumlipa mpakua magunia. Nimehudhuria mikutano ya mabalozi ambapo uwanja wa ndege ulizungumzwa saa nzima na noti hazikutajwa. Ukitaka kuwashangaza watu wa Nairobi, waanzie hapo.

Sasa turudi kwenye maneno yao, kwamba diplomasia na misaada "zitembee pamoja". Yana ukweli, na yana mtego, na vyote viwili vimeonekana huko huko Kivu.

Ukweli wake ni Goma ya 1994. Baada ya mauaji ya kimbari, Wanyarwanda wapatao laki nane au zaidi walivuka mpaka kwa siku chache za Julai. Kipindupindu na magonjwa mengine vikaua watu karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Ardhi ni mawe ya volkano, hata kaburi halichimbiki. Misaada ikamiminika, na ikaokoa wengi. Lakini waliotekeleza mauaji walikuwa ndani ya kambi hizo, na silaha zao, wakiandika orodha za mgao wa chakula. Umoja wa Mataifa uliomba nchi zitume askari wa kuwatenga na wakimbizi, hazikutuma. UNHCR ikaishia kuwalipa askari 1,500 wa Zaire walinde kambi. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka likaondoka Novemba 1994, likisema haliwezi kuendelea kuwalisha wauaji. Mwishoni mwa 1996 kambi zikavunjwa kwa vita, na sisi sote tunaishi katika yaliyofuata. Pale siasa ilikosekana kabisa, na magunia ya mahindi yakaachiwa kazi ya mabalozi.

Mtego wake ni Beni na Butembo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu niliona kwa macho.

Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Chanjo ilikuwepo, kitu ambacho Afrika Magharibi haikuwa nacho walipouguliwa kuanzia 2014. Madaktari walikuwepo, pesa zilikuwepo. Watu wa Beni walikuwa wamechinjwa usiku kwa miaka minne na hakuna aliyekuja mbio namna ile. Sasa mamia ya magari yakaja kwa ugonjwa mmoja. Walishangaa, kisha wakaanza kuuliza. Tukawa tunawajibu polepole, nyumba kwa nyumba, na kufikia Desemba tulikuwa tunaelewana katika mitaa kadhaa. Tarehe 26 Desemba, siku nne kabla ya uchaguzi wa nchi nzima, Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura hadi Machi, sababu mojawapo ikiwa Ebola. Rais mpya angeapishwa Januari. Yaani kura yao ya urais ingekuja maiti ikiwa imeshazikwa.

Kesho yake waandamanaji wakakivamia kituo cha kuwatenga wanaoshukiwa kuwa na Ebola huko Beni, na wagonjwa wakakimbia. Tarehe 30, siku ya uchaguzi, watu wa Beni wakajiandalia kura yao wenyewe ya mfano, wakipanga foleni na kunawa mikono kwanza, waionyeshe dunia kwamba foleni inawezekana. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa ndani ya siku chache. Tarehe 19 Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani, Mkameruni, akauawa hospitalini Butembo. Majibu yetu yakawa ni kuongeza ulinzi wa askari, na kila askari aliyeongezwa akathibitisha kile watu walichokuwa wakisema, kwamba hii ni kazi ya serikali. Mei 2019 Umoja wa Mataifa ukamtoa David Gressly, aliyekuwa naibu mkuu wa MONUSCO, aratibu pande zote za mapambano, siasa na usalama vikiwemo. Afadhali kuliko kuchelewa zaidi. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, waliougua 3,470, waliofariki 2,287.

Uliza: nani kati ya mabalozi waliokuwa Kinshasa tarehe 25 Desemba aliinua simu kuiambia serikali kwamba tangazo lile litaua watu wa chanjo? Labda yupo. Lakini njia ya habari ile kutoka Beni kwenda juu haikuwepo kwa mpango. Ilitegemea nani anamjua nani. Hiyo ndiyo kazi ya haki ya diplomasia kwa misaada: kuzuia uamuzi wa siasa usiangukie zahanati. Na kosa lilianzia pale ugonjwa ulipotumiwa kama kisingizio cha siasa. Tangu hapo kila nikisikia "zitembee pamoja" nauliza, nani amemshika nani mkono?

Hili la kutembea pamoja, wafadhili wana jina lake, neksasi, na lilipata nguvu baada ya mkutano wa Istanbul wa 2016. Msikilize mtu anavyolitumia. Mmoja akilitaja anamaanisha barabara ijengwe wakati mbegu zinagawiwa. Mwingine anamaanisha mgao uende kwanza kwa vijiji vya upande uliosaini. La pili hilo mlikatae hata likija limevaa suti. Kivu imeshalijaribu. Baada ya makubaliano ya serikali na waasi wa wakati ule ya tarehe 23 Machi 2009, yale yaliyowapa M23 jina lao, ulianzishwa mpango wa serikali wa STAREC, wa kutuliza na kujenga upya mashariki, na wafadhili wakaunga mkono: barabara zikachongwa, vituo vya polisi na ofisi za utawala zikajengwa kwenye njia zile. Miaka mitatu baadaye makubaliano yakavunjika, na majengo yakapata wapangaji wengine. Misaada iliyofungwa kwenye mkataba huanguka na mkataba. Na huko kwenu mikataba haichelewi: marais walitia saini Washington tarehe 4 Desemba 2025, haikupita wiki M23 wakaingia Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi na magodoro vichwani.

Kuhusu pesa nitasema kidogo. Mwenzako wa hesabu ana haki ya kuogopa. Mpango wa misaada wa Kongo wa 2025 uliomba dola bilioni 2.54 kwa ajili ya watu milioni 11, na ulizinduliwa Februari, wakati Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilikuwa imeshasimamisha misaada yake kwa amri ya tarehe 20 Januari. Waliobaki wana pesa chache na maswali mengi. Ndiyo maana fomu imekuja ilivyokuja: afisa kijana ameambiwa aonyeshe kwamba pesa zinaleta "taarifa". Si mtu mbaya. Mpe kitu bora cha kupeleka kwa mkubwa wake.

Basi, karatasi.

Majina ya makamanda, idadi ya watu wao, silaha, nani anapokea na kiasi gani: hayo hayaandikwi. Fomu husafiri. Leo iko Nairobi, kesho imepigwa picha iko kwenye kundi la WhatsApp, keshokutwa dereva wako anaulizwa kizuizini, "Nyinyi ndio mliotuandika?" Na kazi hiyo ina wenyewe: Umoja wa Mataifa una Kundi la Wataalamu wa Kongo tangu 2004, wanaotafuta majina kwa ajili ya vikwazo, na hata wao hulinda waliowapa habari. Ubalozi nao una njia zake. Wewe una mbegu.

Andika barabara. Gawa vipande: Bukavu hadi Kavumu, Kavumu hadi Katana, Katana hadi Ihusi, Ihusi hadi Nyabibwe, Nyabibwe hadi Minova. Kwa kila kipande, lori lilichukua saa ngapi kabla ya Januari 2025, na linachukua ngapi sasa. Idadi ya vizuizi unaweza kuiweka, maana kila mwanamota anaijua. Wenye vizuizi usiwaweke. Andika na maji: mzigo wa Minova ukipita ziwani unafika lini, unagharimu ngapi. Kisha andika kalenda, na hapa ndipo wengi wa mezani hawajui kitu. Msimu wa A mnapanda Septemba na Oktoba, wa B Februari na Machi. Mbegu ya maharage ikifika Kalehe Desemba inaishia chunguni. Balozi anayesikia "ufikiaji umecheleweshwa" anaandika neno moja kwenye daftari. Anayesikia kwamba siku tisa za Nyabibwe zimekula msimu wa kaya mia nne anauliza swali la pili. Weka hesabu yenu halisi, hata kama ni ndogo.

Mwisho wa karatasi weka maombi mawili, yasizidi. Moja: magari ya mbegu na majembe, sema ni mbegu gani na majembe mangapi, yapite kati ya tarehe fulani na fulani bila kulipa na bila kulala, amri itoke juu kwa pande zote zilizoko kwenye njia hiyo. Waambie mnataka lipelekwe Doha kwa jina la barabara, kwa sababu makubaliano ya Doha ya tarehe 15 Novemba 2025 yana itifaki nane, na mojawapo ni ya njia za misaada. Itifaki bila majina ya barabara ni ile sentensi nzuri niliyokuambia. La pili liwe la pesa taslimu.

Kuna jambo dogo la barua ambalo limewaponza wengi. Upande mmoja ukikutaka uombe kibali kwake, upande wa pili utasema umeutambua. Usiandike "tunaomba ruhusa". Andika "tunawajulisha", peleka barua ya maneno yale yale kwa kila upande siku ile ile, na nakala kwa OCHA. Juu usimwandikie mtu kwa cheo alichojipa au alichonyang'anywa. "Kwa mamlaka zinazohusika" inatosha. Watanuna wote. Wakinuna sawasawa uko salama kidogo kuliko mmoja akifurahi. Wazalendo wa milimani, wale wapiganaji wanaoiunga mkono serikali, nao wajulishwe, kupitia wazee wa vijiji, kabla gari halijaondoka Bukavu. Tangu MONUSCO iondoke Kivu Kusini Juni 2024 hamna helikopta wala msafara wa kuwasindikiza, na kwa shirika la watu saba pengine ni heri.

Kwa ubalozi mjibu kwa upole. Kitu kama hiki: "Tumepokea fomu, tunashukuru. Kamati yetu hairuhusu tukusanye habari za makundi yenye silaha, kwa usalama wa madereva na wakulima wetu. Tumeandaa maelezo ya barabara ya Kalehe, misimu ya kilimo na ucheleweshaji wa mizigo, ambayo hatujaona mahali pengine. Tuko tayari kuyawasilisha." Sentensi ile ya mwisho kabisa ndiyo itakayowapa pesa, mwambie mwenzako. Na kabla ya kutuma, wasomee wazee wa kamati kwa sauti, neno kwa neno, kwa Kiswahili chenu. Wao ndio watakaokuwepo Kalehe siku wewe uko Nairobi kwenye hoteli yenye zulia.

Leo jioni mpigie dereva wako. Muulize mwezi huu amelala Nyabibwe mara ngapi, na tarehe gani. Akikwambia "nyingi, chef", usikubali. Mwambie akae na utingo wake wahesabu.